Kuku ya Kuombea Kazi

Siku nilipata kazi, nilikimbia toka parokia mpaka nyumbani nikipiga kelele, na batu ya Butembo banasimama kuniangalia kama mwenye kichaa. Kazi! Wakati ile ya vita, hata wenye maduka balikuwa banakaa mbele ya milango ya kufungwa, juu malori hayakupita tena kutoka Beni. Na mimi, binti wa miaka kumi na kenda, mwenye diplome isiyofaa kitu ila kufungia karanga tu, nikapewa meza, kiti, na fishi mingi, zile karatasi za kuandika majina ya batu. Mama alilia. Tukakula nyama katikati ya juma!

Ilikuwa biro ya misaada ya parokia. Kila asubuhi bakimbizi banakuja: ba Kipese, ba Mabalako, ba Mutwanga. Kwanza balijaza baraza, kisha kiwanja, kisha balifika mpaka barabarani, na basukumaji wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, banatutukana juu tumebazibia njia. Tulikuwa na unga na maharagi kidogo, lakini bengi hata hawakuuliza chakula. “Dada, mi hapana omba kula, mi naomba kazi.” Nilisikia vile mara mingi kwa siku.

Kwa fishi kulikuwa mustari mumoja: mifugo, iko ao haiko. Shefu wetu, mutu wa Kisangani, mupole, mwenye miwani, alinifundisha vizuri. “Mwenye mifugo anangoja. Tunaanza na asiye na kitu.” Nikaona ni haki kabisa.

Sasa ajabu ni hii: bengi balikuja na kuku! Kuku kwapani, mwengine na mayai, mwengine na ndizi kichwani. Desturi niliijua, nani kwetu haijui? Mutu haingii kwa mwenzake kuomba na mikono mitupu. Lakini ile ilikuwa biro, si nyumba ya mutu! Nilifikiri banapita kwetu mbele ya kwenda soko. Naona kuku, naweka alama, fishi inaenda upande wa kungoja. Mukono wangu ulikuwa mwepesi, na nilijipenda sana.

Juma moja, hadji mumoja wa Beni, mwenye depo ya kahawa mujini kwetu, akatuandikia: anatafuta bamama makumi mbili ya kuchagua kahawa, kazi ya musimu muzima. Majina yafike siku ya tano ya juma, mbele ya saa sita. Ee Mungu wangu, biro ikachemka!

Siku ya ine akaingia mama mumoja wa Mutwanga, mutoto mugongoni. Alikuwa amechagua kahawa toka utoto, bwana yake alibaki njiani, na alitaka ile kazi ya depo. Kisha akaweka kuku nyekundu juu ya fishi zangu.

“Mama, toa kuku pale!” nikasema.

Akaitoa haraka, akaomba musamaha. Nikaweka alama yangu.

“Utangoja, mama.”

“Wasingya, binti yangu,” akajibu, ni kusema asante kwa kinande, akatoka. Magaribi nikafunga biro, nikakuta kuku imefungwa na kamba kwa mulango. Nikaibeba mpaka nyumbani nikicheka.

“Mama, angalia! Mukimbizi mumoja ameisahau. Batu biko na kuku, halafu banaomba kazi!”

Mama alikuwa anapepeta maharagi. Akaweka lungo chini.

“Amesahau? Mutu anafunga kuku na kamba kwa mulango yako, halafu amesahau? Wee mutoto, ile diplome imekula akili yako? Mukono mutupu haulambwi! Ile kuku alikuletea wewe.”

Nilisikia haya mpaka kwa masikio. Na bale bengine bote, je?

Asubuhi yake, siku ya tano, shefu alinituma kwanza kuhesabu mifuko ya unga, na nilitoka pale saa ine imepita. Nikachukua kuku, nikaenda mbio kwa masomo, ile shule kwenye bakimbizi balikuwa banalala. Nilimukuta yule mama anafagia darasa, amejifunga kitambaa cha kupasuka. Nikamuuliza kuku alitoa wapi.

“Niliibadilisha na kikwembe, kile kitenge ya ndoa yangu,” akasema. “Kukuja kwenu hivi hivi, mungeniona mutu gani?”

“Mama, beba mutoto. Tukimbie!”

Tukakimbia! Matope, kilima, kuku inalia, mutoto anacheka, na bale ba chukudu banapiga kelele: “Pisha! Pisha!” Hata hawakujua tunaenda wapi, lakini banatufungulia njia. Mapafu yangu yaliwaka moto, na sijawahi kufurahi vile.

Tulimukuta shefu amesimama, liste ya majina mukononi, anavaa kofia ya kutoka.

“Shefu, pokea!” Nikamusukumia kuku. Ikapiga mabawa, miwani ikaanguka. Nikamweleza yote bila kupumua: kuku, desturi, kikwembe. Shefu akabaki na kuku kifuani, akamuangalia yule mama.

“Mama, uko na mifugo?”

“Hapana, shefu. Ilikuwa ile moja, na sasa ni yako.”

Shefu akaketi. Kulikuwa nafasi moja tu imebaki, na jina ya yule mama akaiandika yeye mwenyewe. Wee! Yule mama alipiga vigelegele mpaka batu ya mulolongo bakaitikia bila kujua juu ya nini, na mimi nikaruka naye kama mutoto wa primaire.

Kisha shefu akaangalia ile kilima ya fishi za kungoja. Hakunigombeza. Akauliza tu, “Na hawa?”

Nikabeba fishi zote, nikazunguka masomo, makanisa, ma hangar, yale mabanda ya soko, nikiita majina. Bengine balikuja mbio, banacheka, nami ninacheka nao. Niliita mpaka sauti ikakauka. Karibu nusu hawakuitika. Balikuwa bamekwisha kuondoka, na hakuna aliyejua balishika njia gani.