Gari ya Mkwe Ilitaka Kumbana Binti Yangu kwa Geti

Leo nimechapa gari ya mkwe wangu na mpini wa jembe, na sijuti.

Yeye na binti yangu walitoka Kitale kuja kunisalimia hapa Kabuchai. Binti yangu akashuka kufungua geti. Gari ikaanza kunguruma yenyewe, mguu wa bwana yake ukateleza kwa klachi, ikaruka.

Ilibana leso ya binti kwa geti. Leso, si mguu.

Mkwe akaruka nje, akaiacha ikinguruma hivyo.

Sasa mnajua kwetu mkwe haguswi wala hasemeshwi uso kwa uso na mama mkwe. Nikamwambia binti, "Uliza bwana yako anataka kukuzika wapi."

Mkwe akajibia nyuma ya zizi alikojificha, "Mwambie mama inafanya hivyo siku zingine tu. Fundi wetu wa Matisi, hapo Kitale, hajaona kitu."

Siku zingine, ati.

Kumpiga siwezi, basi nikapiga boneti. Mara ya tatu ikatulia.

Tukafungua boneti na binti. Waya ya eksileta, ile ya kuvuta mafuta, imelala juu ya bomba la moshi lenye moto, ganda limeyeyuka. Ikipata joto inashika na gari inanguruma yenyewe, ikipoa inaachilia. Na fundi ni jirani yao, kila mara gari inafika kwake bado baridi. Ataona nini?

Mkwe ameifunga waya mbali na moto, akanitumia asante kupitia binti.

Nimemjibu hivyo hivyo: gari imepona, aende nayo.

Mnaosema nimezidisha, semeni hapa chini. Binti yangu habanduki hapa mpaka huyo mkwe aje na wazee wake kuomba msamaha.