Maneno Arobaini Chini ya Picha

Walimwita Jicho tangu enzi za studio ya picha za pasipoti, kwa sababu hakuna kilichompita. Kola ikipinda kidogo tu, ameiona. Uzi mweupe begani mwa suti nyeusi, ameutoa kabla mwenye suti hajajua alikuwa nao. Studio ilipofungwa, kwa kuwa watu walianza kujipiga wenyewe kwa simu na kujiona mabingwa, Jicho alihamishia kazi sebuleni kwake: meza ya mbao iliyosukumwa ukutani, kompyuta kuukuu inayokoroma, na mgongo wake umeuelekea mlango wa chumba cha pili.

Kazi yenyewe usiidharau. Kulikuwa na mpiga picha mmoja, mwanamume mcheshi asiyetulia miguu, ambaye kwa wiki hupiga picha elfu nzima: mikono inayokata vitunguu, viatu mlangoni, daktari wa kuigiza anayetabasamu kwa mgonjwa wa kuigiza. Zote anamletea Jicho zimechanganyika kama nguo za kufua. Jicho anazichambua. Zilizotikisika anazifuta, zinazofanana anabakiza moja, giza analipunguza, nembo za makampuni kwenye fulana anazifuta zisije zikaleta kesi. Kisha zinakwenda kwenye ghala la picha la mtandaoni, na mtu yeyote duniani mwenye gazeti au tangazo anachagua anayoitaka. Ila ataipataje kati ya mamilioni? Kwa maneno. Kila picha inaandikiwa maneno arobaini ya kuitafutia, na isiyo na maneno hiyo imekufa, hata iwe nzuri vipi.

Maneno arobaini mara picha mia mbili, hebu jaribu wewe uone. Ndiyo maana Jicho alikuwa na njia yake. Anaandika maneno ya picha moja kwa makini, anayanakili, anayabandika kwenye folda nzima kwa mpigo mmoja, halafu anarudi kurekebisha moja baada ya nyingine. Ujanja ulikuwa katika kubandika, uaminifu ulikuwa katika kurudi. Na wiki ile, kwa kuchoka na kwa kujiamini, alibandika na hakurudi.

Siku ya tatu baada ya kuzituma picha, saa tatu kasoro robo asubuhi, ujumbe ukaingia kutoka ghala. Hongera, picha yenu imepata mnunuzi. Ameishikilia, na mkataba utafungwa saa nne kamili kwa saa za kwenu. Jicho akatabasamu. Ilikuwa picha yao ya kwanza kuchaguliwa tangu waanze. Akaifungua aione ni ipi.

Alikuwa Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada wa marehemu mama yake. Yeye hakujaliwa kuzaa, na ndiye aliyemlea Jicho tangu akiwa na miaka saba, akamsomesha kwa cherehani na matusi ya upendo. Sasa magoti yamechoka, wanaishi pamoja, na chumba cha pili ni chake. Katika picha amekaa dirishani, shavu limelala kiganjani, mwanga umemwagika upande mmoja wa uso. Mpiga picha alikuja siku hiyo kupiga vikombe, akamwona, akaomba. Mama Mkubwa akatia sahihi fomu ya ridhaa bila kuisoma. "Mwanangu akisema sawa, ni sawa," alisema.

Jicho akateremsha macho chini ya picha. Mzee. Upweke. Ametelekezwa. Hana wa kumjali. Njaa. Ukatili. Yalikuwa maneno ya folda iliyotangulia, ya mwigizaji aliyelipwa kukaa barazani na kulia machozi ya kupakwa. Folda zote mbili alizibandikia maneno hayo kwa mpigo mmoja.

Mnunuzi alikuwa shirika la kutetea wazee, na kwa furaha yao walikuwa wametuma mfano wa kazi. Mabango ya barabarani, nchi tano, na hii yao imo. Uso wa Mama Mkubwa ulijaza bango zima, na juu yake kwa herufi kubwa: WATOTO WAKE WAMEMSAHAU.

Watoto wapi? Mtoto wake ni mmoja, ndiye huyo aliyekaa mbele ya kompyuta. Jicho aliwaza mzunguko wa barabara karibu na zahanati, pale mabango yanapobandikwa. Mama Mkubwa hupita pale kila wiki kwa miguu, na pale anajulikana na kila muuza duka na kila mshona viatu. Aliwaza Mama akiinua uso na kujiona. Kwa aibu hiyo mtu anaweza asitoke tena ndani ya nyumba, na aliyemletea ni yeye, mwanawe wa kulea.

Akafungua kanuni za ghala. Kabla ya mkataba, picha inaweza kuondolewa. Baada ya mkataba, hata ulie damu. Ili kuiondoa, ujaze fomu fupi yenye vitu viwili tu. Kwanza sababu, uchague moja kati ya tatu: ubora hafifu, maneno si sahihi, au mhusika hataki. Jicho akaweka alama kwenye maneno si sahihi, bila shaka yoyote. Kitu cha pili kilikuwa sahihi ya mhusika mwenyewe.

Hapo akakwama. Sahihi maana yake amwambie. Amwambie nini, kwamba nimekuandika wewe huna mtu?

"Jicho," sauti ikatoka chumba cha pili. "Hebu nitungie uzi."

"Nakuja, Mama."

Hakwenda. Alimpigia mpiga picha, akiongea kwa sauti ya chini.

"Kwa nini unanong'ona kama mwizi?" mpiga picha akauliza. "Nimeuona ujumbe. Leo tumekuwa watu."

"Picha tunaiondoa. Maneno nimekosea."

Halafu Jicho akamweleza yote, na lazima tumpe haki yake, yule bwana hakubisha. Alishusha pumzi akasema, "Basi itoe. Mama wa watu yule alinipa chai."

"Inataka sahihi yake."

"Sahihi si unayo kwenye fomu ya kwanza? Ikate, uibandike. Wewe unafuta makovu usoni mwa watu kwa sekunde tatu, utashindwa na wino?"

Saa ilikuwa tatu na dakika ishirini. Jicho akaifungua fomu ya kwanza. Sahihi ya Mama Mkubwa ilikuwa ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: herufi kubwa zilizosimama wima, na mwishoni mkia mrefu unaopinda kurudi nyuma. Akaizungushia mstari, akaikata, akaondoa weupe wa karatasi, akaipeleka kwenye fomu mpya. Ikakaa pale kama imezaliwa pale. Ilikuwa kazi nzuri sana, na ndiyo maana hakutaka kuitazama mara mbili.

"Jicho, uzi."

"Nakuja, Mama."

"Hiyo nakuja yako ina mguu mbovu," Mama Mkubwa akasema kule kule. "Tangu asubuhi inatembea, haijafika."

Siku nyingine Jicho angecheka. Sasa kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma, kimeganda. Akibonyeza hapa, kila kitu kinakwisha. Hakuna bango, hakuna aibu, hakuna atakayejua. Akajiambia ni kwa faida ya Mama mwenyewe. Akajiambia kumweleza ni kumuumiza bure. Mtu akianza kujiambia mambo mengi hivyo ujue kuna jambo, na yeye alijua. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na siku ile aliitamani kwa ufupi wake huo. Saa tatu na nusu ikapita. Saa nne kasoro ishirini na tano. Kidole bado.

Hakusikia kandambili. Alishtukia harufu ya mafuta ya magoti na sindano mbele ya uso wake.

"Mlima usipokuja," Mama Mkubwa akaanza, halafu akanyamaza. Alikuwa ameinama, macho ameyakunja, anatazama kioo cha kompyuta. "Hiyo si sahihi yangu?"

Jicho akaondoa kidole kwenye kitufe.

"Ni yangu. Mkia huo ni wangu, walimu walishindwa nao." Akasogea. "Ile ya siku ya picha, siyo?"

Alimpa mlango wa kutokea, ukiwa wazi kabisa. Kusema ndiyo tu. Na kwa kweli ilikuwa ndiyo, nusu yake. Jicho alifumbua kinywa aseme hivyo, akauona mkono wa Mama ulioshika sindano, vidole vilivyojaa alama za miaka ya cherehani, na akashindwa.

"Nimeiiba," akasema. "Nilikuwa naitia kwenye karatasi nyingine bila kukuambia."

Kisha akasema yote, bila kugeuza shingo, kama mtu anayetapika. Maneno, folda, bango, saa nne. Mama Mkubwa akavuta kigoda akakaa.

"Nisomee."

"Mama, muda."

"Nisomee. Ni mimi ndiye nimeandikwa."

Jicho akasoma. Arobaini yote, moja moja, na ukiyasoma kwa sauti maneno arobaini ni mengi mno. Alipofika njaa Mama Mkubwa aliguna. Kwenye ametelekezwa, kabla ya hapo, hakuwa ameguna.

"Aliyeandika alikuwa ananitazama?" akauliza.

"Ni mimi niliyeandika. Sikukutazama. Nilibandika tu."

Na huyo ndiye Jicho, ambaye hakuna kinachompita. Saa ilikuwa nne kasoro kumi na mbili.

"Siku ile," Mama Mkubwa akasema taratibu, "yule kijana na kamera yake hakunipanga. Alinikuta pale. Nilikuwa nimekaa tangu chai. Nilikuita mara tatu, ukasema unakuja."

"Mama."

"Subiri. Njaa sijawahi kulala nayo humu, na mkono hujaninyanyulia. Hayo ni uongo, yafute." Akagusa kioo kwa ncha ya sindano, juu, kwenye neno la pili, upweke. "Lakini hili halikukosea sana, mwanangu."

Chumba cha pili kiko hatua sita kutoka kiti chake, alikuwa amezihesabu alipopima zulia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nimwambie nani? Mgongo wako?" Hakusema kwa hasira, na hilo liliuma zaidi. "Sasa lete kalamu. Hili ni letu la ndani, halikai barabarani watu wakaja kulisoma. Lete upesi, au mpaka nayo niiombe mara tatu?"

Jicho akaleta karatasi nyeupe na kalamu. Mama Mkubwa akatia sahihi polepole mno, wima, wima, wima, kisha mkia. Safari hii ulitetemeka katikati. Jicho akaipiga picha kwa simu, akaifuta ile ya wizi, akaweka hii ya kweli ilivyo, bila kunyoosha chochote. Mtandao ukasuasua. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikaingia. Saa nne kasoro dakika nne.

Akapeleka mshale kwenye kitufe cha kutuma. Halafu akausimamisha, akaurudisha juu, kwenye sababu. Akaondoa alama kwenye maneno si sahihi, akaiweka kwenye mhusika hataki.

"Mbona unabadilisha?" Mama Mkubwa akauliza. "Muda si umekwisha?"

"Umesema halikukosea."

Jicho akatuma. Dakika mbili zilizofuata walikaa wote wawili wakikitazama kioo, bega kwa bega, mpaka yakatokea maneno mawili tu: picha imeondolewa. Simu ikaanza kulia, ni mpiga picha huyo, na Jicho akaiacha ilie.

Alizima kioo. Akanyanyua kiti chake kizito, akapita nacho kwenye mlango wa chumba cha pili kikikwaruza fremu, akakiweka dirishani mkabala na kile cha Mama Mkubwa. Akakaa, akanyoosha mkono apewe sindano na uzi.

Mama Mkubwa alimfuata polepole kwa magoti yake, akampa.

"Haya," akasema. "Leo imefika."