Sweta ya Kwenda Mwea

Kuwazia ni neno nililolipenda mapema mno. Katika kurasa zangu za kwanza niliwazia uhuru, niliwazia misitu, niliwazia hata njaa ya watu nisiowajua, na sikuchoka. Mama alichoka kwa niaba yangu. Kwake, kumwazia mtu ni kujua amekalia nini, moto uko upande gani, mlango unatazama wapi. Akiyakosa hayo alisema hamwoni, na usingizi ulimpaa.

Dada yangu aliolewa Mwea miaka michache baada ya uhuru, akalima mpunga na mumewe karibu na Wang'uru. Mama hakuwahi kushuka huko. Alikuwa na kahawa yake Wamagana, magoti mabovu, na ng'ombe mmoja msumbufu. Shamba la maji alilolijua ni vitalu vyetu vya nduma, yaani magimbi, kule mtoni, ambapo mwanamke husimama asubuhi hadi miguu ife ganzi kwa baridi. Basi miaka yote alimwazia binti yake pale, akitetemeka. Mwishowe akamfumia sweta nzito ya sufu, rangi ya majivu, akanituma nayo.

Nilifika jua likichoma, udongo mweusi umening'ang'ania viatu. Dada alifungua kifurushi, akacheka hadi akaketi chini.

"Mama anafikiri nimeolewa juu ya Mlima, kwenye theluji?"

"Anafikiri unalima nduma."

"Mwambie huku hata kuku wanatembea wamefungua midomo."

Kesho yake mchana nilimkuta amejikunyata ukutani, juani, amevaa ile sweta. Meno yalikuwa yakigongana. Malaria, alisema, inakuja na kwenda, wote huku wameizoea. Aliyasema kwa uchovu, kama mtu anayetaja mgeni asiyejua kuaga.

"Usimwambie mama. Atakuja, na magoti yale."

Nikakubali.

Nyumbani nilimkuta mama akichambua maharagwe. Nikaanza kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima: maji yametanda hadi upeo wa macho, mbingu imelala ndani yake, ndege weupe—

"Hayo ni yako, baba," alinikatiza. Aliniita baba kwa kuwa nilipewa jina la babake. "Yaweke kwa kitabu. Mimi nataka kujua jiko liko wapi."

Nikamwambia. Jiko liko nje, upande wa kivuli. Kuni ni shida, wanachoma mabua ya mpunga. Mlango unatazama Mlima, ambao huonekana asubuhi tu, mdogo. Mbele kuna ukuta wa udongo ambao jua huupiga mchana kutwa. Alifumba macho, akaviweka vitu kimoja kimoja, kama mtu anayehamia.

"Na baridi?"

"Hakuna, mama. Kuku wanatembea wamefungua midomo." Sentensi ile ilikuwa imenipendeza, sikuweza kuiacha njiani.

Akatabasamu, macho bado yamefumbwa. "Maskini sweta yangu. Itakuwa imelaliwa na paka."

"La, anaivaa," nilisema haraka, nisimvunje moyo. "Nilimwona ameivaa."

Mikono yake ikatulia juu ya maharagwe.

"Wapi?"

"Pale nje."

"Kwa ule ukuta. Kwa jua."

Nilikuwa nimempa kila kitu, na sasa alikuwa akimweka binti yake mahali palipobaki.

"Ana homa," alisema. "Na si ya jana."

"Alinikataza kukuambia."

"Hukuniambia. Nimemwona mwenyewe."

Alisukuma ungo kando. Akashika goti moja, akapumzika, akashika la pili, akainuka. Sura yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyefika jioni na kuambiwa kazi ndiyo inaanza.

"Nenda kwa jirani," alisema. "Muulize kama atatukamulia huyu ng'ombe kesho. Mwambie anapiga teke la kushoto."

Kisha akaenda kutafuta viatu vyake.