Saa Tatu Hadi Nairobi

Mjomba wangu alipanda ndege mara moja tu maishani mwake, kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, na tangu siku hiyo hakuna aliyepata kuzungumza naye jambo jingine. Alikuwa mpishi wa Mzungu, na Mzungu alimchukua safarini pamoja na masufuria. Ukimsikiliza, utadhani yeye ndiye aliyeshika usukani.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa ameshatangulia, na mama alipougua niliacha shule darasa la tatu ili nimuuguze. Alipofariki nilibaki na wadogo zangu watatu na shamba la karoti na njegere kwenye mteremko juu ya Mgeta. Kwetu Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, na watoto vilevile. Mwenye neno ni mjomba. Tulimpelekea habari. Mazishini hakuja. Alikuja miezi kadhaa baadaye, siku ya kumaliza matanga, ambayo kwetu huchukua miezi, anachechemea, viatu vyake vya mjini kavishika mkononi.

Shauri alikuwa nalo tayari. Mdogo wangu wa kike aende Dar akawe yaya kwa Mzungu, wavulana wawili wagawanywe kwa ndugu, shamba apewe binamu yake. Mimi hakunitaja. Nadhani alinihesabu pamoja na majembe.

Lakini kwanza, ndege.

"Maili mia nne na ushee," aliwaambia wazee. "Saa tatu tu! Umekaa kitini, unaletewa chai, Kilimanjaro unaiona kama kichuguu. Nyie hapa mnashinda mnapanda kilima na karoti kichwani. Maisha gani haya?"

Karoti hizo ndizo zilizomkuza.

Mtani wetu alikuwa mama mmoja mnene wa ukoo mwingine. Kazi ya mtani msibani ni kuwatania wafiwa bila kumwogopa mtu. Siku hiyo alijifunga kanga ya marehemu mama yetu, akaketi kama mama alivyoketi, akakohoa kikohozi chake hasa.

"Kaka," akaita kwa sauti ya mama, "Nairobi ni saa tatu?"

"Tatu tu," mjomba akajibu, akitabasamu.

"Na kwangu hapa? Mbona nilikungoja mpaka nikazikwa?"

Watu wakaanza kucheka.

"Au ulipita huko juu ukatema mate, nami nikadhani mvua?"

Kicheko kikalipuka. Mjomba akaruka, akamsukuma. "Nyamaza, mpumbavu wee!"

Kicheko kikakatika. Hata mtoto wa Mluguru anajua kwamba mtani hakasirikiwi. Anayemkasirikia msibani hana neno tena mpaka amwombe radhi mbele ya wote.

"Mwanetu, mwombe radhi mtani," mzee mmoja akasema kwa upole.

"Mimi? Nimwombe radhi huyu mshamba?"

Akaokota viatu vyake, akashika njia ya kuteremka, akigeuka geuka nyuma kuona nani anamkimbilia kumbembeleza. Hakukimbia mtu.

Basi neno likamwangukia bibi, mama yake mzazi. Hakuinuka hata mkekani.

"Watoto wakae na dada yao," alisema. "Shamba ni lao."

Mdogo wangu wa kike akaanza kulia. Nikamwambia aache, watu wana njaa. Tukapakua. Fungu la mjomba nikampa mtani.