Saa ya Mabaharia Kwenye Mfongo

Saa ile nilipewa na mgeni niliyempandisha mlimani. Ilikuwa mpya, lakini imetengenezwa ionekane ya zamani: uso wa rangi ya maziwa, mkanda wa ngozi, na mshale mwembamba mwekundu wa kupima muda. Alinieleza kuwa ni ya watu wa mashindano ya mashua za tanga. Vitufe vyake vya pembeni ni vikubwa makusudi, ili baharia avibonyeze hata akiwa na glavu zilizolowa. Mimi bahari nimeiona mara moja tu. Lakini saa ile niliivaa hata shambani, na sioni aibu kusema nilikuwa naringa.

Maringo hayo ndiyo yaliyonipa kazi. Kiangazi kile maji ya mfongo wetu, mfereji unaoshuka toka msituni hadi vihamba vyetu, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu za Kirua Vunjo, yalipungua mpaka tukawa tunayakusanya bwawani na kugawana asubuhi, kila nyumba dakika arobaini. Watu waligombana, kila mmoja na simu yake. Mwenyekiti wa mfongo, mzee asiyependa kelele, akanishika mkono akaitazama saa yangu.

"Wewe ndiye utapima," akasema. "Saa hii moja, mpimaji mmoja, basi."

Alhamisi zamu ilikuwa ya kaka yangu, na baada yake mama mmoja mjane mwenye kihamba cha chini kabisa. Alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa aliyoilea peke yake. Nilibonyeza, mshale ukaondoka. Kisha nikaegemea mpini wa jembe, kidevu juu ya mikono, nikapiga soga na kaka kuhusu ng'ombe wake. Nilipokuja kutazama, mshale umesimama kwenye dakika ya kumi na mbili. Kiganja changu kilichopinda kilikuwa kimekibonyeza kitufe. Sikuwa nimeangalia tulianza saa ngapi. Kwa aibu, nikakibonyeza tena mshale uendelee, bila kumwambia mtu kwamba muda wa kaka utazidi.

Zamu ya mama ilipofika, yalitoka maji ya ndoo tatu, kisha tope.

Hakupiga kelele. Alilitazama bwawa, akatutazama sote. "Aliyekunywa maji yangu aje aniambie. Nampa mpaka Jumapili. Asipokuja, navunja chungu."

Sisi ni Walutheri, watoto wetu tumewabatiza, lakini hakuna aliyecheka. Kila mtu pale anaijua familia iliyovunjiwa chungu, na makaburi yake migombani anayajua. Laana ya chungu haimfuati mkosaji peke yake, inaufuata ukoo mpaka kwa watoto. Niliogopa.

Kwa nini sikwenda siku ileile? Kwa sababu ya kaka. Nani angeamini kuwa saa ilisimama kwa bahati mbaya, tena kwenye zamu ya ndugu yangu wa tumbo moja? Ijumaa nikaahirisha. Jumamosi binti yangu aliamka akikohoa. Kikohozi cha vumbi tu, mke wangu alisema, lakini nilikaa kando ya kitanda nikihesabu pumzi zake kwa saa ileile. Nikajiapia kwamba nitakwenda kesho, baada ya ibada.

Kanisani nilitazama benchi analokaa yule mama siku zote. Hakuwepo. Sikusubiri mahubiri.

Nilimkuta uani ameshika ufagio. Miguuni pake palikuwa na rundo la vigae vyeusi vya chungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza yote: jembe, kitufe, kaka, aibu yangu. Alisikiliza hadi mwisho, uso ukambadilika, nikaona kuwa naye anaogopa.

"Chungu nimekivunja kengele ya kwanza ya kanisa ilipolia," akasema. "Nimesubiri siku tatu, mwanangu."

"Haiwezi kutenguliwa?"

"Inatenguliwa. Lakini si kwa wewe peke yako. Mje ukoo wote, wakubwa na watoto, na kaka yako awepo, useme mbele yao haya uliyoniambia."

"Tuje lini?"

"Upesi," akasema, akaweka ufagio chini.

Ndugu zetu wako Moshi mjini, Tarakea, Dar, na hatukutani wote mpaka Krismasi. Nikatazama saa nijue ni saa ngapi. Mshale mwekundu ulikuwa unakimbia, umeshamaliza dakika kumi na tisa. Sikumbuki kukibonyeza kitufe.