Sikumwona Kaka Yako

Julai 2013, siku ya Alhamisi, kaka yangu alifariki nyumbani kwetu Murungu, wilaya ya Kibondo. Tulizaliwa wawili kwa mama. Nikabaki mimi.

Alipokata roho mama hakuwa ndani. Alikuwa ameteremka mtoni kuopoa mihogo aliyoiloweka. Mimi ndiye niliyekuwa pembeni mwa kitanda. Mama alisikia kilio akiwa bado anapanda na beseni kichwani, chini ya migomba yetu, na watu wanasema hakukimbia. Alitua beseni, akalisogeza pembeni ya njia lisipigwe teke, ndipo akaja. Msiba ukapita, watu wakatawanyika, nami nikarudi Kasulu kwenye cherehani yangu. Mama hakuniuliza ilikuwaje mle ndani. Mimi nami sikumwambia.

Kasulu nilikuwa nashona kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani, mpole, mtani. Mwaka uliofuata nilipata simu ya kupangusa, na kwenye simu hiyo nikaingia kundi moja la mtandaoni ambako watu waliandika visa vya maisha yao. Wengine waliandika vizuri mpaka unasahau sindano kidoleni. Nikasema na mimi nitaandika habari za kaka yangu.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Kuhusu kifo, Kiswahili cha kuandikwa nilichokijua kilikuwa kile cha matangazo ya vifo redioni, ambayo kwetu yakianza hata watoto hunyamazishwa. Kwa hiyo nikaandika hivyo. Kwa masikitiko makubwa. Pengo lisilozibika. Mwanga wa maisha yake ulizimika ghafla akiwa amezungukwa na wapendwa wake. Niliona nimeandika jambo zito.

Watu wakaandika poleni. Msimamizi wa kundi, mtu nisiyemjua hata sura, akaandika chini kabisa: "Pole sana, dada. Nimesoma mara mbili. Sikumwona kaka yako."

Nilikasirika. Nikakaa na hasira ile nikipinda upindo wa shati la mteja. Baadaye nikamuuliza nifanye nini. Akajibu kwa maswali tu: Alikuwa mtu wa namna gani? Alivaa nini siku hiyo? Alisema nini?

Alivaa nini nilikumbuka. Shati la bluu la shule ya mtu mwingine, nembo imebanduliwa. Nikaliandika. Lakini alichosema nilikiona kidogo mno, hakifai kuwekwa mbele za watu. Nikamwandikia kaka maneno mengine. Nikaandika kwamba alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, mtunze mama. Mwambie asilie."

Hapo watu wakafurika. Vikatuni vya machozi vikajaa skrini. Msimamizi akasema kisa kimekaribia kukamilika, nikinyooshe kidogo, Jumapili atakiweka ukurasa wa mbele ambako husomwa na watu wengi kuliko kwenye kundi.

"Fundi," mwenye duka aliniambia, "unashona au unachati? Suruali ya yule mwalimu ina mguu mmoja tangu asubuhi."

"Naandika, mzee."

"Andika, mwanangu. Ila mwalimu ana miguu miwili."

Nilicheka. Kucheka kwangu kwa wiki ile kuliishia hapo, maana jioni mama alipiga simu.

Shangazi yangu aliyeko Kasulu mjini alikuwa amesoma kile kisa kwenye simu ya mwanawe, akampigia mama kumpa pole upya, akamsomea. Mama hakunisalimia. Alisema, kwa Kiha, "Nasikia mwanangu aliniachia maneno."

Nikasimamisha cherehani.

"Nasikia alisema nisilie. Mbona nayapata kwa watu?"

"Mama, nitakuja."

"Njoo. Na hiyo simu uje nayo."

Jumamosi nilipanda basi la Kibondo. Ulikuwa wakati wa kiangazi, vumbi limekaa juu ya majani ya barabara nzima. Nilikuwa nimeshika simu kama mtu aliyebeba yai, na njia nzima nilikuwa najibishana na nafsi yangu. Yale maneno yalikuwa mazuri. Mama ameshayasikia, pengine yamemtuliza. Mtu akitulizwa unamnyang'anyaje? Kisha najiambia, lakini mwanawe hakuyasema. Mama anatunza kichwani sauti ya mtu ambaye hakuongea hivyo. Nilifika Murungu sijaamua.

Mama alikuwa uani, amekaa juu ya mkeka, anapukuchua maharage. Nilimwamkia. Aliitika, akanionyesha kwa kidevu mahali pa kukaa.

"Soma."

Nikaanza kusoma. Akanikatiza. Kiswahili cha sokoni mama anakijua vizuri, lakini hiki hakukitaka.

"Kwa lugha yetu. Huyo ni mwanangu, hakuwa wa redio."

Basi nikawa nasoma sentensi kwa macho, naisema kwa Kiha. Sikuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Pengo lisilozibika nilishindwa kulisema. Nilipojaribu likawa habari ya meno. Mama aliniangalia tu. Nikafika kwenye mwanga wa maisha yake uliozimika.

"Taa ipi?" mama akauliza.

"Si taa, mama. Ni kusema tu."

"Ilikuwa mchana. Endelea."

Nikasema alizungukwa na wapendwa wake. Mikono yake ikasimama juu ya maharage.

"Akina nani?"

"Mimi."

"Wewe peke yako."

"Mimi peke yangu, mama."

"Endelea."

Nikasema shati la bluu. Hapo hakuniuliza. Aliitikia kooni, taratibu, akapukuchua ganda moja, jingine. Kitu fulani nilikiona pale, ingawa sikuwa na nafasi ya kukifikiri: maneno ya shati yalipita kwenye Kiha bila kubadilika, kama maji kwenye mfereji, na mama alikuwa amemwona mwanawe.

Sentensi iliyofuata ndiyo ile. Nilifungua mdomo. Kwa Kiswahili niliyaandika maneno ya kaka yangu bila kutetemeka, lakini kwa Kiha ilinibidi niyaseme kama yeye, kwa namna yake, kumwambia mama yake. Ulimi haukwenda.

"Nakusikiliza," mama akasema.

"Hayakusemwa, mama."

"Yapi?"

"Hayo uliyosomewa. Niliyaweka mimi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikusanya maganda yaliyokuwa mapajani akayaweka chini, akafuta viganja kwenye kanga.

"Kwa hiyo alikufa kimya."

"Hapana."

"Basi sema."

Nikamwambia. Kaka aliamka, akauliza mama yuko wapi. Nikamjibu yuko mtoni. Akauliza, anaopoa mihogo? Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Imeshalainika?" Nikamwambia nadhani imelainika. Akageukia ukutani. Hakusema kitu kingine.

Nilipomaliza nilikuwa nimeinamisha kichwa, nangoja. Niliogopa neno moja tu, lile la kwamba alimuulizia na yeye hakuwepo. Mwaka mzima nilikuwa nimelificha hilo, nikidhani namhurumia. Kuku walipita kwenye maharage na mama hakuwafukuza.

"Aliuliza mihogo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Tangu mdogo alikuwa hapendi ugali wa mihogo iliyotolewa mapema. Alikuwa anasema una mawe."

Akalia. Si kama siku ya msiba. Alilia akiwa amenyooka, macho yapo kwenye njia ya mtoni, na sikumgusa. Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa kanga, akafukuza kuku.

"Ilikuwa bado ngumu," akasema. "Ilitaka siku nyingine. Niliiopoa hivyo hivyo kwa sababu nilitaka kurudi ndani. Hicho umekiandika?"

"Sikukijua."

"Sasa unakijua."

Nikaandika palepale, mgongo umeegemea ukuta. Nilifuta masikitiko makubwa, nikafuta pengo, nikafuta mwanga. Kila sentensi niliyoandika nilimwambia kwa Kiha, naye akitingisha kichwa niliiacha, akikunja uso niliifuta. Moja aliikunjia uso nikamuuliza ina kosa gani. Akasema haina kosa, ila inajisikia. Nikaifuta. Kilichobaki kilikuwa kifupi, kama nusu ya kile cha kwanza, na mwishoni mama alikuwa anapanda kutoka mtoni na mihogo migumu.

"Watu wengi watasoma?" akauliza.

"Sijui. Nadhani kile cha kwanza wangekipenda zaidi."

"Kitume."

Nikabonyeza. Mtandao wa Murungu ulikuwa mbaya. Kile kiduara cha kutuma kikawa kinazunguka. Mama alisogea kwenye mkeka, akaweka kichwa chake karibu na changu, tukawa tunakitazama kinazunguka mpaka kikasimama, kisa kimekwenda.