Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Ngeleka

Wafu wengi wa Kolwezi walipanda mbinguni kupitia chumba cha mbele cha Ngeleka. Kijana huyo alikuwa akihariri video za matanga na za harusi, na kila marehemu alimwekea mawingu yaleyale nyuma ya picha, mawingu meupe yanayosogea polepole kwenda juu. Awe mchimbaji wa mgodi wa Mutoshi aliyefukiwa na udongo, awe mke wa mwalimu, mawingu hayakubadilika. Familia zilitazama, zikalia vizuri, zikamshukuru.

Mimi ni Mbuyu, jirani yao, ninayekaanga mikate mbele ya nyumba yangu, na mtu anayekaa barabarani kutwa huona mengi. Ngeleka aliishi na mama yake mjane, mama Agnès. Mwaka 1993, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai kama wao, walipofukuzwa Katanga, mama huyo alitoka Kolwezi na mumewe, mtoto mgongoni, na bunda la vitambaa vyeupe alivyovifuma kwa mkono wake. Sufuria aliziacha kwa sababu ni nzito. Mumewe alikufa ndani ya behewa la treni, akazikwa kando ya reli mahali wasipopajua hata jina. Miaka baadaye mama na mwana walirudi, maana huko walikoambiwa ni kwao hakuna aliyewafahamu. Vitambaa navyo vilirudi.

Kwetu nyumba yenye heshima hufunika vitu vyake. Vumbi la migodi haliombi ruhusa kuingia, na mgeni akikuta televisheni imekaa uchi atamsema mwenye nyumba mtaa mzima. Mama Agnès alifunika televisheni, redio, friji iliyokufa siku nyingi, hata mtungi wa maji. Ngeleka aliponunua kompyuta, nayo ikapata kitambaa chake.

Kompyuta ikaanza kuugua. Bibi harusi anainua mguu aingie kanisani, mara kioo kinajaa mistari ya kijani, halafu giza. Ngeleka akigusa boksi anatoa mkono haraka. Kilichougua ni ile kadi inayochora picha, ambayo mafundi huiita carte graphique. Ilikuwa ikichemka hadi kompyuta inajizima yenyewe ili isiungue.

Ugonjwa huo ulikuja wakati mbaya kabisa. Shirika la zamani la migodi lililotujengea nyumba zetu lilikuwa limeanguka tukiwa tunatazama: kwanza mishahara, kisha maji, mwishowe hata kengele ya zamu ikanyamaza. Sasa kampuni nyingine ilikuja na kutuambia kwamba chini ya nyumba zetu kuna shaba na kobalti, kwa hiyo juu yake hatuna ruhusa ya kulala. Tungehamishwa mbali, porini, upande wa njia ya Dilolo. Mwenye karakana inayofanya kazi, ikaonekana kwa macho ya maajenti wa kampuni siku ya ukaguzi, angepewa kibanda karibu na soko jipya, chenye umeme. Asiye nayo angepewa nyumba tu, na umeme angeuota usingizini. Kwa Ngeleka hapo ndipo palipokuwa na maisha yake yote: kompyuta iwake siku hiyo, au kazi yake ife.

Alikwenda kwa Gracien, muuzaji wa vipuri vya mitumba, mtu mwenye ulimi wa asali na mkono wa kucha.

"Tata, kamata hii carte mupya," Gracien alimwambia, maana kwetu kila mwanamume huitwa tata, yaani baba. "Ile yako iliisha kufa."

"Haiyakufa. Na hii yako mupya itaomba alimentation ya umeme ya nguvu zaidi, alimentation itaomba boksi ingine. Kisha nikuombe na nyumba ingine?"

Gracien akamwonyesha feni zinazowaka taa za rangi. Akamwonyesha mémoire, yaani kumbukumbu ya kompyuta, ya kuongeza. Ngeleka aliviacha vyote, na nakubali kwamba hapo alitumia akili, kwa sababu mémoire haipozi kitu na taa ni za kuwadanganya vijana. Alichukua feni mbili za kawaida, moja ya kuvuta hewa mbele na moja ya kuitoa juu, na kichupa kidogo cha ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya kadi na chuma chake cha kupoza. Nyumbani aliifungua kadi. Vumbi jekundu lilikuwa limegandamana ndani, na dawa ya zamani ilikuwa imekauka ikawa ukoko. Aliipangusa yote kwa pamba na pombe ya dawa, akapaka mpya, akatoboa tundu juu ya boksi, akafunga feni.

Kisha akamwita mama yake.

"Mama, hii si radio. Hii inapumuaka hapa juu. Ukiifunika, inakufa."

"Nilifunika juu ya vumbi, isiingie, tata," mama alijibu. Alizoea kumwita mwanawe tata, kwa kuwa alimpa jina la baba yake mzazi.

"Najua. Lakini usifunike tena. Weka mukono. Unasikia?"

Mama Agnès aliweka kiganja juu ya boksi, hewa ikampepea vidole, akacheka. "Haina moto," akasema.

Kuanzia hapo hakuifunika. Kila alipopita aliweka mkono na kumtangazia mwanawe kwamba haina moto, na Ngeleka alichoka kuitikia. Kompyuta ilimaliza harusi nzima bila kuzimika.

Siku ya maajenti, Ngeleka aliwasha video ya matanga ili wageni waikute ikitembea, akatoka kuwapokea mwanzo wa barabara. Mama Agnès akabaki peke yake na nyumba. Alifagia, akapanga viti, akatoa vitambaa alivyovinyoosha kwa pasi. Nilimwona kwa dirisha akisimama mbele ya kompyuta na kile kikubwa mkononi. Alisita, nampa haki yake. Kisha akasema peke yake, kwa sauti iliyonifikia: "Bageni bakute bitu butupu? Batasema hatuna heshima." Akaifunika, akaacha kioo tu kikionekana.

Utaniuliza kwa nini sikusema neno. Mikate yangu ilikuwa ikiungua, na mimi mambo ya feni nilikuja kuyaelewa baadaye.

Ajenti aliitwa Henri Kabamba, mtoto wa hapahapa Kolwezi, kofia ngumu kichwani na adabu nyingi mdomoni. Ngeleka aliingia nyuma yake, akaona kitambaa. Mkono wake ulinyanyuka. Lakini mama yake alikuwa amesimama kando akitabasamu, na Kabamba tayari alikuwa ameinama anakishika pindo. Kuvua kitambaa cha mama mbele ya mgeni anayekisifu ni kumvua mama mwenyewe. Ngeleka aliurudisha mkono.

"Mama, hii ni weye njo ulifuma?" Kabamba aliuliza.

"Ni mi, tata. Nilitoka nayo humu Kolwezi mu 93, nikarudia nayo."

Na kwa kuwa ameulizwa kwa heshima, akaanza kusimulia. Behewa, mumewe, kiu, kituo baada ya kituo. Kabamba alisikiliza kwa upole, kofia ameishika mkononi. Nyuma yake marehemu wa watu alikuwa akipanda mawinguni. Ngeleka hakuwa akimsikia mama yake, alikuwa akisikiliza feni, zinazozidi kulia. Mama alipofika pale walipomzika mumewe, mawingu yakaganda. Ikaja mistari ya kijani. Ikaja giza.

Ngeleka alikirukia kitambaa, akakitupa chini, akabonyeza. Kompyuta ikawaka, ikatoa picha, ikazima tena.

"Atelier, hii karakana yenu, inatembea?" Kabamba aliuliza, sauti yake ileile ya upole.

"Inatembea, tata. Ngojea kidogo, ipoe."

"Client naye anangojeaka ipoe?"

Hakungoja jibu. Alivaa kofia, akamshukuru mama Agnès kwa mapokezi mazuri, akaenda nyumba ya pili. Ngeleka alimfuata hadi kona akimsihi. Kompyuta ilipopoa iliwaka vizuri kabisa, lakini hapakuwa na wa kuitazama. Baadaye, ofisini kwa kampuni, alijibiwa kwamba kilichoonekana ndicho kilichoonekana.

Aliporudi kutoka kona ile, majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Ngeleka alimwambia mama yake mbele yetu sote, taratibu, bila kupandisha sauti:

"Mu 93 ni bantu njo balitufukuza. Leo ni weye njo umetufukuza."

Ningekuwa mama yake ningemzaba kofi. Mama Agnès aliinama tu, akaokota kitambaa, akakikung'uta vumbi. Nililia kwa hasira, na sijui hadi leo nilimkasirikia nani zaidi.

Siku ya kuhama alivikunja vitambaa vyote, akavipanga juu ya benchi katika chumba cha mbele, akatoka mikono mitupu. Nilimwambia, mama, umevisahau. Akasema hajavisahau. Tingatinga likaibomoa nyumba navyo vikiwa ndani.

Juzi niliwatembelea kwenye nyumba waliyopewa porini. Nguzo za umeme hazijafika, na wenye kujua wanasema hazitafika. Ngeleka siku hizi hutoka na gunia kwenda kuokota mawe ya kobalti kwenye vifusi vya migodi, na vidole vyake vimepasuka. Kompyuta ipo mezani, uchi, vumbi jekundu limelala juu yake. Aliporudi akiwa amechoka na kuketi, mama yake alinyanyuka, akapangusa boksi kwa kiganja, akakiacha mkono pale juu ya tundu la feni.

"Leo tena haina moto, tata," akamwambia.

Ngeleka hakuitikia. Mama alingoja kidogo, kisha akamwambia tena.